Bibi Harusi wa Uongo

"Wote wataingia," baba alisema, akihangaika na kifungo cha juu cha shati lake jeupe. "Bwana harusi ataingia. Mama yake ataingia. Wapiga tamburica na ala zao za nyuzi wataingia, na hata yule mjomba wao mlevi ataingia. Lakini yule mpima mawe hakanyagi kizingiti hiki nikiwa hai. Umenisikia, Ljerka?"

"Nimekusikia, baba. Hata popo wa mnarani wamekusikia."

"Usinitanie."

"Sikutanii. Nakuuliza tu utafanyaje. Neven ndiye mshika bendera wao."

Baba akakivuta tena kifungo. Hapo nilikuwa nimemweza, na alijua. Brezgrad nzima inajua kwamba msafara wa bwana harusi hauingii kumchukua bibi harusi bila bendera, na bendera hutangulia mbele ya watu wote pamoja na mtu aliyeishika. Ukimzuia mshika bendera umeuzuia msafara. Ukiuzuia msafara, mdogo wangu Dorica atabaki juu chumbani na shela lake mpaka maua ya kichwani yanyauke.

"Bendera wampe mtu mwingine," akasema mwishowe.

"Nani? Bendera hupewa ndugu wa bwana harusi, na Krešo hana ndugu wa karibu zaidi ya Neven. Mama zao wamezaliwa tumbo moja."

"Basi nitamruhusu asimame darajani. Daraja ni la mji. Lango ni langu." Kifungo kikakubali. "Na wewe una kisirani leo. Nenda kamsaidie shangazi yako."

Kweli nilikuwa na kisirani, tena cha haki. Wiki ile ile Neven alikuwa amenipigia simu na maneno yake yalikuwa machache. Alipata kazi ya kukarabati kuta za mji wa pwani, ng'ambo ya milima, kazi ya kuzeekea. "Nakuja kushika bendera ya Krešo," alisema, "kisha naondoka. Nikivuka milima bila wewe, Ljerka, sirudi tena kuja kujitesa chini ya dirisha lako. Siwezi. Nimejaribu."

Nilikata simu nikaenda moja kwa moja kwa baba kuomba baraka. Jibu lake lilikuwa fupi: "Yeye au mimi, chagua." Kisha akaomba nimpitishie chumvi.

Sasa nieleze chanzo cha uadui wenyewe, maana mgeni anaweza kudhani Neven aliua mtu.

Sisi ni walinzi wa kasri la Brezgrad. Babu alishika funguo tangu enzi za kabaila wa mwisho, kisha baba akazishika, na vyumba vyetu viko juu ya lango kuu, pale zamani walipokaa wapiga mishale. Nimekulia kwenye ua ule wenye matao ghorofa juu ya ghorofa, nikianika nguo kati ya nguzo ambazo wataalamu hutoka mbali kuja kuzipiga picha. Handaki lililochimbwa kuwazuia Waturuki lilikauka zamani, tukapanda miti ya plamu humo. Na katika mnara wa mashariki kuna dirisha lililozibwa kwa mawe, na dirisha hilo ndilo lililokuwa maisha ya baba yangu.

Hadithi ni hii: kabaila wa kwanza wa kasri hili alikuwa na binti, Rozalija, aliyempenda mtoto wa msaga nafaka. Baba yake alimkataza, binti hakukatazika, na kabaila akamzibia ukutani akiwa hai. Ndivyo baba alivyowasimulia wageni siku zote. Akifika mbele ya dirisha lile huvua kofia, huinamisha kichwa, kisha husema kwa sauti ya chini, "Ni baba gani huyu, jamani, aliyependa jina lake kuliko damu yake?" Wanawake hulia. Wanaume hukohoa. Na baba naye machozi humlengalenga machoni, kila mara, wala haigizi.

Halafu mnara ukapata ufa, na mji ukamleta Neven kutoka Zagreb, msanifu wa majengo ya kale, mrefu, mwenye nywele zisizosikia kitana. Alihitaji mtu wa kumshikia ncha ya pili ya futi ya kupimia. Nikaishika. Tulipima kasri zima hivyo, yeye ncha hii mimi ncha ile, na nakuambia hakuna njia ya kupendana iliyo hatari kama hiyo, maana mnatazamana kutwa nzima na mna kisingizio. "Ivute kidogo," ananiambia. Naivuta. "Sogea karibu." Nasogea. Tulipofika mnara wa mashariki tulikuwa hatupimi tena kitu.

Ufa ulipita katikati ya dirisha la Rozalija, kwa hiyo ilibidi mawe yaondolewe. Mimi ndiye niliyeshika taa. Nilikuwa nikitarajia mifupa. Tukakuta kiti cha jiwe, kimechongwa vizuri, laini, kina tundu katikati, na chini ya tundu shimo linaloshuka mpaka handakini.

Neven alikaa juu yake akacheka mpaka akashika mbavu. Kilikuwa choo cha kabaila.

Angecheka mle mnarani tu, yangeisha. Lakini ikafika sikukuu ya Mtakatifu Martin, siku tunayobatiza mvinyo mpya, mji wote umekusanyika, na mtu akamuuliza Neven ameona nini ukutani. Naye alikuwa ameshabatiza vya kutosha. Akasema. Watu walianguka chini kwa kicheko. Miaka yote ile mlinzi Slavek Hrupec ametutoa machozi kwa ajili ya choo! Wakambandika baba jina, Mlinzi wa Choo, na jina likaganda.  Asubuhi baba alichanganya chokaa, akapanda mnarani peke yake, akaliziba dirisha upya jiwe kwa jiwe. Kisha akamtupia Neven mzigo wake nje ya lango.

Krešo alipokuja kumposa Dorica alikubaliwa palepale. Ana shamba la mizabibu, na hajawahi kusema lolote kuhusu mnara wowote.

Mchana ule honi zikaanza kusikika kutoka bondeni, magari yakipanda kilima kwa mbwembwe. Niliinama dirishani nikawaona wanashuka na kupanga mstari darajani: Krešo mwekundu kama nyanya ndani ya suti yake, wapiga tamburica, wanawake na vijitawi vya rozmari vifuani, na mbele yao wote bendera yenye tufaha kwenye ncha na taulo zilizofumwa zikining'inia. Aliyeishika bendera aliangalia juu.

Macho yetu yakakutana. Nilitaka kurudi nyuma lakini miguu ilikataa. Alikuwa amekonda. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, na nilijua mtu huyo ni yeye mwenyewe, na moyo ukaniuma kwa ajili ya ile mikunjo ya kola kuliko kwa maneno yote aliyoniambia kwenye simu.

"Acha kumtolea macho, utaanguka," shangazi Barica akasema nyuma yangu. Alikuwa mkubwa wa shughuli upande wetu, amevaa nguo ya zambarau na amekasirika tayari. "Njoo huku. Imbro yuko tayari?"

Imbro mchinja nguruwe alikuwa tayari. Alikuwa amevaa gauni la marehemu mke wa mwalimu, pamba kifuani, shela usoni, na masharubu yake yakichungulia chini ya shela. Kwetu hatumtoi bibi harusi hivi hivi. Wanaokuja kumchukua huletewa kwanza wa uongo, wamkatae, ndipo heshima ya nyumba inakaa sawa. Wa kwanza angekuwa Imbro, wa pili bibi Treza mwenye meno mawili, na wa tatu shangazi Barica mwenyewe.

Lango letu lina mabawa mawili ya mbao za mwaloni, na nyuma yake hulazwa gogo zito ambalo haliinuki bila watu wawili. Siku zote tunapita kwenye kimlango kidogo kilichokatwa ndani ya bawa la kushoto, ambacho hata mimi nainama kupita. Mabawa yenyewe hufunguliwa kwa mambo mawili tu, bibi harusi wa nyumba hii akiondoka au jeneza la mtu wa nyumba hii. Mara ya mwisho yalifunguliwa kwa mama.

Baba akajitokeza kwenye kimlango, kofia kichwani, funguo mkononi.

"Mnatafuta nini hapa na kelele zenu?" akauliza, kama inavyopaswa.

"Tumepotelewa na njiwa, mzee," Krešo akajibu, sauti ikimkwama. "Tumesikia ametua kwenye kasri hili."

"Hapa njiwa ni wengi, na wote wanachafua matao yangu. Mtamjua wenu?"

"Mshika bendera atamjua," watu wakaitika.

Baba akajifanya hakusikia. Aliongea na Krešo tu, akimkwepa Neven kwa macho, utadhani bendera ile ilikuwa imesimama yenyewe. Darajani watu wakaanza kunong'onezana. Ugomvi waliujua wote.

Imbro akatoka, akitikisa nyonga. Darajani palilipuka. Neven akamsogelea, akalifunua shela kwa heshima zote, akarudi nyuma.

"Krešo, ndugu yangu," alisema, "huyu ana masharubu kukuzidi. Mtagombania wembe."

"Siyo huyo!" watu wakapiga kelele.

"Mnanikosea adabu," Imbro akasema kwa sauti nyembamba. "Najua kupika štrukli za jibini na naweza kumbeba ng'ombe." Wakampa bilauri ya mvinyo na kumrudisha.

Bibi Treza akafuata, amechangamka kuliko siku zote. Neven alipomfunua, bibi akamwonyesha meno yote mawili. "Nichukue, kijana, mimi sina baba wa kukusumbua," bibi akasema, na watu wakacheka, kisha wakakatisha kicheko na kumtazama baba. Baba alikuwa anauma mdomo.

"Siyo huyo," Neven akasema taratibu, akambusu bibi mkono. Sauti yake ilikuwa imepungua.

Nyuma ya lango, gizani kwenye baridi ya mawe, shangazi Barica alikuwa anajifunga shela la tatu. Nikamtazama. Nikafikiria Neven akikunja bendera yake, akiingia garini, akivuka milima. Nikafikiria mimi nikibaki na funguo za kasri, nikianika nguo kwenye matao mpaka mikono inikauke. Halafu sikufikiria tena.

"Shangazi, nipe."

"Nini?"

"Shela. Natoka mimi."

"Una wazimu? Wa uongo huwa ni wa kuchekesha. Wewe huchekeshi mtu."

"Sitoki kuchekesha."

Shangazi Barica akaacha kujifunga. Ni dada wa baba, na mdomo wake huo huo ndio ulioeneza jina la Mlinzi wa Choo mpaka kijiji cha tatu, lakini hakuwa mjinga. "Unajua sheria," akasema polepole. "Atakufunua, na lazima akukatae. Mbele ya wote. Utastahimili kukataliwa na mtu yule?"

"Akinikataa nitajua."

"Na asipokukataa?"

"Nitajua vilevile. Nipe, shangazi."

Akanivisha mwenyewe.  "Nyoosha mgongo basi," akanong'ona. "Usitoke kama mwizi."

Nikainama, nikapita kwenye kimlango.

Jua lilinipiga usoni kupitia lesi. Sikuona sura za watu, nilisikia tu kicheko chao kikipungua, maana kiuno hiki hakikuwa cha Imbro wala cha bibi, na hakuna aliyejua acheke nini. Nilisimama mbele ya bendera. Nikaona viatu vyake. Nikasikia pumzi yake ikikatika, na nikajua amenijua kabla hajagusa shela.

"Funua, mshika bendera!" mtu akapiga kelele. "Tunakufa kwa kiu!"

Akafunua. Tukatazamana bila futi yoyote kati yetu.

"Ljerka," akasema kwa sauti ya ndani. "Unafanya nini?"

"Unajua neno lako," nikamwambia. "Watu wanasubiri. Sema siyo huyu, kisha nenda zako pwani."

"Siyo huyo!" watu wakaanza, wakidhani ndiyo zamu yao. "Siyo huyo! Siyo—"

"Ndiye," Neven akasema.

Kelele zikakatika. Mpiga tamburica mmoja aliendelea kupiga peke yake kidogo, akaona aibu, akaacha.

"Neven," Krešo akamvuta shati, jasho linamtiririka. "Neven, kaka, usiniharibie siku. Wangu ni yule mdogo."

"Wako ni yule mdogo," Neven akajibu bila kuniondolea macho. "Huyu ni wangu. Mkono wangu hauwezi kumkataa, Krešo. Itafutie bendera yako mtu mwingine, lakini mimi neno hilo silisemi."

Ndipo baba alipotoka. Alikuja mpaka katikati ya daraja, uso umempauka.

"Ljerka, rudi ndani."

"Sirudi."

"Nimesema rudi ndani!"

"Na mimi nimesema sirudi, baba. Umenitaka nichague. Niko hapa nachagua, na nachagua kweupe, mbele ya watu, nisije nikaambiwa nilitoroka dirishani."

Sikuwa nimewahi kumjibu baba hivyo. Sauti yangu haikutetemeka, na nilifurahi kuisikia. Baba akamgeukia Neven. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu amtupie mzigo.

"Unamtaka binti yangu?"

"Namtaka, mzee Slavek. Nilimtaka kabla hujanifukuza, na ulivyonifukuza nikazidi kumtaka."

"Basi sema. Watu ni walewale uliowachekesha siku ya Mtakatifu Martin. Waambie ulikosea. Waambie Rozalija yumo kwenye ukuta wa mnara wa mashariki. Sema hivyo, uingie."

Watu wakavuta pumzi. Neven akashusha mti wa bendera mpaka ukagusa daraja.

"Kukucheka nilikosea," akasema. "Kila siku naliona kosa hilo. Nakuomba radhi, hapa, mbele ya wote."

"Sikukuuliza habari ya kicheko. Nakuuliza habari ya ukuta."

Neven akanitazama, nikaona kitu usoni mwake kikiachia. Yule mtu ambaye angepima ukuta mara tatu kwa ajili ya upana wa kidole alikuwa tayari kudanganya. "Sawa," akasema kwa taabu. "Kama ndilo unalotaka. Katika mnara wa mashariki, nyuma ya dirisha..."

"Nyamaza!" nikamkatiza. "Neven, ukisema hilo siendi na wewe popote."

"Ljerka, ni maneno tu."

"Siyo maneno tu. Nimekupenda ukipima kitu na kukisema kilivyo. Sitaki mume wa kuanza nyumba kwa uongo ili afunguliwe mlango." Nikamgeukia baba. "Ni choo, baba. Taa niliishika mimi. Kiti cha jiwe, tundu, na shimo mpaka handakini. Ndiyo maana plamu za upande ule zinazaa kupita zote."

Mtu akaguna kwa kicheko. Nikageuka kama nimechomwa.

"Asicheke mtu! Mlicheka mwaka jana mkashiba. Nani hapa hajalia mbele ya lile dirisha? Imbro, ulilia ukajifutia aproni yenye damu. Shangazi Barica, ulilia mpaka ukashikwa na kwikwi. Hamkulia kwa sababu ya mawe. Mlilia kwa sababu baba yangu analia, na hajawahi kulia uongo hata siku moja."

 Imbro alichungulia kimlangoni, pamba imemteremkia tumboni, akainamisha kichwa.

Nikamsogelea baba. Sasa machozi yalikuwa yananitoka, na sikuyafuta.

"Nimekulia kwenye sauti yako, baba. Kabla sijajua kusoma nilijua kumlaani yule kabaila. Ni baba gani huyu, ulikuwa unasema, aliyependa jina lake kuliko damu yake? Nami nilikuwa nakushika mkono nikijiambia, baba yangu mimi hawezi. Umemtetea Rozalija maisha yako yote, na hakuwahi kuwepo. Mimi nipo. Nimesimama mbele yako na shela la kuazima. Nani atanitetea mimi?"

Upepo ulitikisa taulo za bendera.  Baba alizitazama funguo mkononi mwake kama kitu alichookota njiani. Ghafla nilimwona amezeeka, na nusura nimrudie, nimshike mkono, nimwambie yaishe tuingie ndani. Nilijikaza. Kama ningerudi siku ile nisingetoka tena, na hilo sote wawili tulilijua.

"Umetokea kimlangoni," baba akasema hatimaye, sauti imekauka. "Umeinama kama mtu anayekwenda dukani. Bibi harusi wa nyumba hii hatoki hivyo. Bibi harusi wa nyumba hii hutokea lango kubwa."

"Basi lifungue."

Akanitazama. Nikamtazama. Sauti ya Dorica ikashuka kutoka dirisha la juu, kali, ya mtu aliyebanwa na gauni tangu alfajiri.

"Baba, mfungulie! Mimi nitatoka nyuma yake, nafasi ipo! Na wewe Krešo, usikae hapo umeduwaa, futa jasho!"

Bibi Treza alicheka peke yake, kwa furaha, na hakuna aliyemkataza.

Baba akageuka, akainama, akapotea kwenye kimlango. Tulimsikia akitembea kwenye mawe ya ndani, kisha akasimama.  Nilidhani atalifunga komeo la kimlango na hadithi iishie hapo. Halafu tukasikia sauti ya Imbro ikisema, "Subiri, mzee, nakuja, nashika upande huu."

"Toka hapo, Imbro. Utajikanyaga gauni."

"Sasa utainua na nani?"

 Kisha baba akachungulia. Macho yake yalikuwa mekundu na kofia imekaa upande.

"Wewe, mpima mawe," akaita. "Si ulilipima hili gogo?"

"Nililipima, mzee."

"Basi unajua ni zito. Njoo ushike huku."

Neven hakusogea mara moja, nadhani hakuamini masikio yake. Krešo ndiye aliyempokonya bendera na kumsukuma kwa bega. Akaenda, akainamisha kile kichwa chake kirefu, akakivuka kizingiti alichokatazwa, na sijui kama kuna aliyepumua.

"Na wewe, Ljerka," baba akasema bila kunitazama. "Rudi ndani, utoke vizuri."

Safari hii nilirudi. Nilisimama gizani chini ya tao, shangazi Barica akinitengeneza shela huku ananipigia mayowe kwamba nimemwaga machozi kwenye lesi ya watu. Mbele yangu wanaume wawili waliokuwa hawasemezani waliinamia gogo moja, huyu ncha hii, yule ncha ile.

"Linyanyue kidogo," baba akaamuru.

"Nimelinyanyua."

"Bado. Sogea karibu."

Gogo likatoka kwenye vishikio vyake kwa mlio wa kukwaruza, wakaliegemeza ukutani. Baba alikuwa anahema. Neven akajifuta vumbi kwenye shati lile lililopigwa pasi vibaya, akalichafua zaidi, akaja kusimama pembeni yangu na kunipa mkono. Mabawa yalilia bawabani, yakafunguka, mwanga wa daraja ukaingia mpaka miguuni petu. Nje tamburica zikaanza, kwanza kwa woga.

"Watalii nitaendelea kuwaambia ni Rozalija," baba akasema kwa ukali.

"Waambie, mzee," Neven akajibu. "Mimi sitakuwepo, nitakuwa pwani."

"Na huyu?"

"Nitakuwa naye, baba," nikasema.

Baba akaitikia kwa kichwa polepole. Akasogea mpaka ukutani ili tupate nafasi, akanyoosha mgongo wake. Tulipomfikia, pale penye jiwe la kizingiti, alinyanyua mkono akavua kofia.

Sikuwahi kumwona akiivua mahali pengine popote, isipokuwa mbele ya lile dirisha. Nilimbusu kwenye kipara, nikanyoosha mgongo kama shangazi alivyoniambia, nikatoka.